Insha ya uhakiki kuhusu Michael Armitage: msimamizi anasema "nadharia imebandikwa". Nirekebisheje?

daftari_jeusi

Wakuu, habari zenu. Niko mwaka wa tatu, shahada ya sanaa za ufundi, na ninaandika insha ya nadharia na muktadha wa kitamaduni, maneno 3,000. Nimemchagua Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, kwa sababu anapaka rangi ya mafuta juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti ya Waganda.

Rasimu ya kwanza imerudi na maoni mawili ya msimamizi. La kwanza: "nadharia imebandikwa". La pili: "muktadha ni wa kijitabu cha utalii". Nilipanga hivi: ukurasa mmoja wa wasifu wake, ukurasa wa historia ya Kenya, ukurasa wa Edward Said, mhakiki wa ukoloni, kisha michoro minne, kila mmoja aya yake, halafu hitimisho. Nimetumia Ubaadaukoloni (nadharia ya athari za ukoloni), Ufeministi na Semiotiki (elimu ya ishara), maana mwongozo wa kozi unadai "nadharia zaidi ya moja".

Ninaomba mnisaidie kwenye haya: nadharia ichaguliwe kabla ya mchoro au baada yake? Muktadha unaishia wapi? Na je, dhana ya Kiswahili inaweza kusimama kama nadharia, au kila kitu lazima kitoke Ulaya? Zimebaki siku 12.

fremu_na_msumari

Habari, daftari_jeusi. Ugonjwa huu unaanzia shule ya sekondari. Kwenye fasihi ya Kiswahili tunafundishwa kuigawa kazi mara mbili, fani huku na maudhui kule, na mtihani unatoa alama kwa kila upande. Mazoea hayo ukiyapeleka kwenye mchoro yanakukwamisha, kwa sababu lubugo ya Armitage haikubali kukaa upande mmoja. Ndiyo inayopokea rangi, na hapohapo ina historia yake kabla rangi haijaigusa. Ukishaikata vipande viwili, nadharia inabaki haina pa kushika, na msomaji anaiona kama stika.

Michoro minne kwa maneno 3,000 ni mingi mno. Baki na mmoja, na wa pili uwe wa kulinganisha tu. Mimi ningebaki na #mydressmychoice wa mwaka 2015, kwa sababu una matatizo ya kweli ndani yake.

Kabla hujafungua kitabu chochote, weka picha yenye ubora mkubwa mbele yako, weka saa ya dakika 40, uandike maneno 400 ya unachokiona. Usitaje mwanafalsafa yeyote. Na usitumie "inaashiria", "inawakilisha" wala "inadhihirisha": hayo matatu ndiyo ngazi ya kuurukia mchoro bila kuuangalia. Andika mwili umelazwa vipi na mgongo umeelekea wapi. Andika ukingo wa juu umewakata wapi wale wanaume, mpaka tunabaki na miguu yao. Mshono wa lubugo unapita wapi? Panapokuwa na tundu au kiraka, rangi imefanya nini ilipofika hapo: imepita juu, imezunguka, au imezama? Mtu akishindwa kufikisha maneno 400 huwa hakuangalia, na hilo linaonekana hata kwa msahihishaji aliyechoka.

Ukimaliza utabaki na jambo moja au mawili ambayo jicho peke yake haliwezi kuyaeleza. Hapo ndipo unapoiita nadharia. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: inachaguliwa baada, na inachaguliwa na mchoro.

Kwenye kazi hii jambo lenyewe ni hili. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha mabasi jijini Nairobi, video ikasambaa kwenye simu, na tarehe 17 mwezi huohuo watu wakaandamana kwa kaulimbiu ambayo ndiyo jina la mchoro. Armitage amemlaza mwanamke huyu kwa mkao wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, katika mchoro wa Velázquez wa Hispania, ule uliopo National Gallery, London, uliochorwa kati ya 1647 na 1651. Ule wa Velázquez ulichorwa upendeze macho. Sasa kwa nini mwili uliodhalilishwa umepewa mkao wa mwili wa kupendeza? Na mtazamaji anayeuona mchoro ni mzuri, amesimama upande wa nani? Pia angalia kioo ambacho Venus wa Velázquez anashikiwa, kisha utafute Armitage ameweka nini pale ambapo macho yako yanakitarajia kioo.

Swali likishasimama hivyo, nadharia zinajileta. Mhakiki wa sanaa John Berger mwaka 1972 alieleza jinsi uchi katika uchoraji wa mafuta wa Ulaya ulivyopangwa kwa ajili ya mwanamume anayetazama na kumiliki. Laura Mulvey mwaka 1975 aliandika kuhusu jicho la kiume, ila yeye alikuwa akizungumzia sinema. Wanafunzi wengi humhamishia kwenye uchoraji bila kusema neno. Wewe sema kwa nini unamwazima: chanzo cha mchoro huu ni video, watu waliitazama kwenye skrini, wakairudia, wakatumiana. Mwaka 1992 bell hooks (herufi ndogo ndivyo alivyoandika jina lake) akauliza mtazamaji mwanamke mweusi yuko wapi katika hesabu ya Mulvey. Hizo ni nadharia zinazogombana, na mwongozo wako ukidai "zaidi ya moja" unataka ugomvi wa namna hiyo. Tatu zilizokaa kimya kwenye kurasa tatu hazisaidii kitu.

Kuna mtego mtamu nikuonye mapema. Tarehe 10 Machi 1914 Mary Richardson, mpigania kura za wanawake, aliingia National Gallery na kikatio cha nyama akaupasua mgongo wa Venus huyo kupinga kukamatwa kwa kiongozi wao, Emmeline Pankhurst. Lubugo ina matundu na mipasuko. Kutoka 1914 hadi 2014 ni miaka 100. Mkono utakuwasha kuandika "Armitage anarejelea tukio la 1914". Usiandike hivyo kama huna mahali alipolisema. Tenganisha ngazi tatu, na kila ngazi uipe kitenzi chake: msanii *ameeleza*, mchoro *unaonyesha*, mimi *ninausoma*. Uhusiano na 1914 ni wa ngazi ya tatu. Una thamani, na ninautetea, mradi usiuvike nguo ya ngazi ya kwanza.

nyuzi_za_mutuba

Mimi nijibu la muktadha, maana maoni ya "kijitabu cha utalii" yananionyesha sentensi yenyewe bila kuiona. Bila shaka uliandika kwamba lubugo ni kitambaa cha asili cha Kiafrika chenye historia ndefu. Sentensi hiyo inafaa kwenye lebo ya mkoba.

Lubugo ina mahali pake. Inatoka kwenye gome la ndani la mutuba, Ficus natalensis. Fundi anakwangua ngozi ya nje, anakata duara juu na chini, anapasua wima, kisha anabandua gome lote kwa kabari taratibu lisichanike. Shina linafungwa majani ya mgomba lisikauke, gome linaota tena, na mti huohuo unavunwa mwaka mwingine. Gome linalainishwa kwa moto au mvuke, halafu linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mifereji mipana hadi membamba, kivulini, ili lisikauke kabla ya kutanuka. Likianikwa juani linapata ile rangi ya udongo wa kuchoma. Palipokuwa na jicho la tawi panabaki tundu, na fundi analitia kiraka na kulishona. Ndiyo maana fremu_na_msumari anakuambia uangalie tundu kwa makini. Kabla halijawa "jeraha la ukoloni" kwenye insha yako, lilikuwa jicho la tawi.

Katika Buganda mafundi wa nguo za Kabaka, yaani mfalme, walikuwa wa ukoo wa Ngonge, wakiongozwa na kaboggoza, na kijiji cha Nsangwa, Mawokota, kinajulikana kwa kazi hiyo. Nyeupe ilikuwa ya wafalme na machifu. Ilivaliwa na wanaume kwa wanawake, ikatumika kwenye kutawazwa, kwenye tiba, na kwenye mazishi. Mpaka leo mchango wa fedha unaotolewa msibani Buganda unaitwa mabugo, kutokana na jina la nguo hiyo, hata pale ambapo hakuna aliyenunua kipande cha gome. Makaburi ya Kasubi, yaliyoungua Machi 2010, yalikuwa na mapazia ya lubugo yakitenga sehemu ya wafalme waliolala. Ni nguo ya mpakani, baina ya waliopo na waliotangulia.

Sasa jambo ambalo karibu kila insha inaliruka. Kwa nini lubugo ikawa ya sherehe na misiba tu? Kwa sababu ya biashara. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Buganda na pamba, pamoja na ile amerikani iliyofumwa Massachusetts, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem kuanzia miaka ya 1830. Pamba ikachukua nafasi ya nguo ya kila siku, lubugo ikarudi nyuma kwenye ibada. Kwa hiyo ile "jadi" unayoiona leo ina alama ya soko la dunia juu yake, na pwani ya Waswahili imo katikati ya hadithi. UNESCO iliitangaza kazi hii mwaka 2005 na kuiingiza kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008, yaani ikalindwa baada ya kusukumwa pembeni. Ukiandika hivyo, muktadha wako unaanza kufanya kazi ya nadharia, kwa sababu unaonyesha "asili" ilivyotengenezwa.

Muktadha unaishia wapi? Kila sentensi ya muktadha ifute kwa kidole, kisha usome aya ya mchoro inayofuata. Kama aya hiyo haijapungukiwa na kitu, sentensi itoke. Ukurasa wako wa historia ya Kenya utaondoka karibu wote. Mabugo itabaki.

Kwa kulinganisha, kuna Sanaa Gateja wa Uganda anayeshona shanga za karatasi iliyoviringishwa juu ya lubugo. Kwake gome linabeba uzito, halipokei rangi ya brashi. Au Acaye Kerunen, aliyekuwa pamoja na Collin Sekajugo kwenye banda la kwanza la Uganda katika maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2022. Nisingelinganisha na mchoraji wa turubai la kawaida. Utapata tofauti ambayo kila mtu anaijua tayari.

daftari_jeusi

Asanteni sana, nimeanza yale maneno 400 jana usiku na nimegundua sikuwahi kuiangalia miguu ile. Swali la nyongeza kwa nyuzi_za_mutuba: kama lubugo ni nguo ya mazishi, naweza kuandika kwamba mwanamke huyu amechorwa juu ya sanda? Naona inaunganisha kila kitu.

kioo_cha_pili

Naomba niingie hapa kabla sentensi hiyo haijakauka. Ikiunganisha kila kitu, ishuku.

Sanda kwa nani? Tukio ni la Nairobi. Wengi wa watu wa Nairobi hawaziki kwa lubugo na hawajawahi kuiona msibani. Armitage mwenyewe ameeleza kwamba aliikuta kwenye soko la watalii Nairobi, yaani ilikuwa tayari imesafiri kutoka Buganda, imevuka mpaka, imekuwa bidhaa ya kumbukumbu ya safari. Safari hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye nyenzo. Ukiruka kutoka mchoro moja kwa moja hadi kaburi la Kabaka, umelifuta soko, na soko ndilo linaloifanya kazi hii iwe ya kisasa.

Hapa mtafute mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir. Mwaka 1992 aliandika makala kuhusu sanaa ya Afrika na suala la uhalisi, akiuliza ni nani mwenye mamlaka ya kusema kitu hiki ni halisi na kile ni cha watalii, na tunapoteza nini tukizitupa kazi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko. Msomaji wa Dar atamwelewa haraka kwa mfano wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Dar: rangi ya kung'aa ya mafuta juu ya ubao wa ceiling, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuuzwa tangu mwanzo kwa wageni. Kuiuliza kama ni "halisi" ni swali bovu. Liulize lubugo swali hilohilo na litavunjika vilevile.

Sanda usiitupe. Ipe mwenyewe. Mtaalamu wa utamaduni Stuart Hall mwaka 1973, akiandika kuhusu televisheni, alionyesha kwamba ujumbe unafungwa na kufunguliwa mahali tofauti, na anayefungua anaweza kukubaliana, kujadiliana au kukataa. Chukua watazamaji watatu: Mganda aliyezika wazazi, mkazi wa Nairobi aliyeiona ile video, na mtu wa London anayeijua Venus. Kila mmoja ana ufunguo ambao wenzake hawana. Mganda anaona nguo ya msiba. Mkazi wa Nairobi anaona miguu ile na kujua inatoka wapi. Mtu wa London anaona mgongo wa Velázquez. Mchoro hauwapi yeyote picha nzima, na hiyo inaweza kuwa hoja yako kuu. Armitage amesema lubugo inamsaidia kuipa kazi mahali na papo hapo kuiyumbisha. Ukiwapanga watazamaji hao watatu, utakuwa umeonyesha kuyumba kunavyotokea badala ya kurudia kauli yake.

Moja zaidi: maandishi ya galari yanayomwakilisha msanii ni chanzo kizuri cha tarehe, nyenzo na vipimo. Si chanzo cha uhakiki. Yameandikwa kazi iuzike na isifiwe. Ukiyatumia, taja kwamba ni ya galari, na usiyaache yatoe hukumu kwa niaba yako.

nyuzi_za_mutuba

Nakubaliana nawe kuhusu soko, kioo_cha_pili. Ila nitalinda jambo moja: mtazamaji wa Kampala asiwe tanbihi. Mara nyingi insha za namna hii zinampa London aya mbili, Nairobi aya moja, Kampala nusu sentensi, na nguo ni ya Kampala. daftari_jeusi, hesabu maneno kwa kila mtazamaji. Ukikuta uwiano huo, una tatizo la nadharia ndani ya insha inayojidai kulipinga.

kiwanda_cha_picha

Wandugu, salamu kutoka Lubumbashi, Katanga, huku Kongo. Swali la tatu limepita bila jibu, nalo ndilo linalonigusa zaidi.

Ndiyo, dhana ya Kiswahili inasimama kama nadharia, na imekwisha kufanyika kuhusu uchoraji wa hapa. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa jiji hili mwaka 1947, alichora historia ya nchi kwa mfululizo wa michoro zaidi ya 100 kati ya 1973 na 1974. Aliizungumzia mchoro kwa mchoro na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, kwa Kiswahili cha Katanga, na mazungumzo yalirekodiwa. Fabian alitoa kitabu mwaka 1996, na maandishi ya Kiswahili ya mazungumzo hayo yamewekwa kwenye intaneti. Tshibumba alijihesabu mwanahistoria anayetumia brashi. Mauaji ya Lumumba na wenzake wawili, ya 17 Januari 1961, aliyachora na misalaba mitatu nyuma yao. Hakuna shahidi aliyeiona misalaba hiyo pale. Kwa Tshibumba misalaba ni hoja ya kihistoria.

Neno ambalo wachoraji na wanunuzi wa hapa walilitumia kueleza mchoro unafanya nini ni *ukumbusho*. Liangalie kisarufi, maana nguvu yake iko hapo. Kumbuka ni tendo la mtu mmoja. Kumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Ukumbusho basi hauko ndani ya turubai wala ndani ya kichwa cha mchoraji. Uko katika kile mchoro unachokifanyia watu waliokaa sebuleni wakaanza kuzungumza. Kwa kipimo hiki mchoro usiofanana sana na tukio unaweza kuwa bora kuliko unaofanana, mradi unaamsha mazungumzo. Ni nadharia kamili: inasema kazi ya sanaa ni nini, inafanyaje, na inashindwa lini.

Kwenye #mydressmychoice itumie hivi. Video ilikuwa imeshaonyesha kila kitu. Mchoro hauongezi habari. Uulize unamkumbusha nani, kitu gani, na mbele ya nani. Je, kinachokumbushwa ni uhalifu, ni maandamano, au ni Velázquez? Mtu aliyeiona video mwaka 2014 na mtu ambaye hakuiona hawakumbushwi kitu kilekile, na hapo unaungana vizuri na Hall wa kioo_cha_pili.

Makosa ni mawili. La kwanza, kuitumia ukumbusho kama tafsiri ya neno la Kizungu la kumbukumbu. Ukifanya hivyo umepoteza ule utendeshi, yaani kumfanya mwingine akumbuke, na basi hukuhitaji Kiswahili. La pili, kuichukua kutoka Katanga ya 1973 na kuipachika Nairobi ya 2015 kana kwamba Kiswahili ni kimoja na miaka haijapita. Weka aya fupi: dhana inatoka hapa, ilitumika kwa michoro iliyotundikwa sebuleni kwa watu wa mjini, ninaihamishia kwenye mchoro wa makumbusho, na hiki ndicho kinachobadilika. Kinachobadilika ni kikubwa. Sebuleni kuna watu wanaozungumza kwa sauti. Kwenye makumbusho watu wananong'ona au wananyamaza.

fremu_na_msumari

Hii ya ukumbusho ni bora kuliko nilichokupa mimi kuhusu Mulvey. Ningeiweka mbele, Berger na hooks wabaki kusaidia kwenye mkao wa mwili. Mulvey mwachie sentensi mbili.

Hesabu ya maneno, kwa 3,000: utangulizi 200, na swali liwemo ndani yake. Maelezo ya mchoro 600, yaani yale 400 yaliyochujwa, ukiongeza ulinganisho na Velázquez. Lubugo na safari yake 600. Hoja yenyewe, watazamaji watatu na ukumbusho, 1,100. Pingamizi kubwa unaloweza kulipata dhidi yako, 350. Kufunga 150. Wasifu wa msanii hauna sehemu yake. Unaingia kwa vipande panapohitajika: kwamba alisoma Slade na Royal Academy Schools, vyuo vya sanaa vya London, kunafaa pale tu unapoeleza anaijuaje Velázquez.

Pingamizi usilitafute jepesi. Ninalokupendekezea ni hili: mchoro unaurudia udhalilishaji kwa kumweka tena mwanamke uchi mbele ya watu, safari hii wakiwa wamelipa tiketi. Usilijibu haraka. Angalia kama mchoro wenyewe una njia ya kumzuia mtazamaji: mshono unaokatiza ngozi, tundu linalovunja mkao, ile miguu inayokuweka wewe kwenye duara la waliozunguka. Kama njia hizo zipo, zitaje kwa mahali pake kwenye mchoro. Kama hazitoshi, kubali hazitoshi. Msahihishaji anakupa alama kwa kukiri mahali hoja inapoyumba.

Kama unaweza kupata kipande cha lubugo, hata sentimita 30 kwa 30, kijaribu kabla ya kuandika sehemu ya nyenzo. Gawa mara mbili. Nusu moja iache tupu, nusu nyingine ipake gundi ya ngozi ya sungura, gramu 60 hadi 70 kwa lita moja ya maji, ikiwa vuguvugu, au midiamu ya akriliki isiyong'aa iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu. Subiri ikauke siku nzima, kisha paka rangi ya mafuta ileile pande zote mbili. Kwenye nusu tupu mafuta yatanyonywa, rangi itafifia na duara la mafuta litatoka nje ya ukingo wake. Baada ya miaka mafuta hayo hula nyuzi zikawa za kuvunjika, ndiyo sababu ya gundi. Kwenye nusu ya gundi rangi inakaa juu, lakini nyuzi zinaishika brashi na mstari mwembamba unakatikakatika. Ukivuta kipande kwenye fremu utaona kinatanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Baada ya hapo hutaandika tena "uso wa lubugo una mvuto wa kipekee". Utaandika kwamba nyenzo inamkatalia mchoraji mstari laini, na kwamba ngozi laini ya Venus haiwezi kurudiwa juu yake hata mtu akitaka. Hiyo ni hoja ya uhakiki, na umeipata kwa brashi.

Kwenye maelezo ya picha weka msanii, jina la kazi, mwaka, nyenzo ("mafuta juu ya lubugo"), vipimo kwa sentimita, urefu wa kwenda juu ukitangulia upana, na mmiliki.

daftari_jeusi

Sina la kuongeza isipokuwa shukrani. Nimejaribu kuandika sentensi ya hoja, naomba mniangalizie:

"Insha hii inachunguza kwa kina jinsi Michael Armitage anavyotumia lubugo kuwakilisha masuala ya jinsia, ukoloni na utambulisho katika jamii ya kisasa ya Afrika Mashariki."

kioo_cha_pili

Sentensi hiyo inaweza kuwekwa mbele ya insha 50 tofauti. Toa "kwa kina", toa "masuala", toa "jamii ya kisasa ya Afrika Mashariki". Weka mchoro mmoja na kitendo kimoja. Mathalani: "Katika #mydressmychoice, lubugo inamnyima kila mtazamaji sehemu ya mchoro ambayo mwenzake anaiona, na kwa hiyo ukumbusho wa tukio la 2014 unawezekana tu pale watazamaji wanapozungumza." Irekebishe kwa maneno yako. Ukiweza kumtajia mtu asiyekubaliana nayo na sababu yake, imeiva.

nyuzi_za_mutuba

Na kabla ya kuwasilisha, tafuta kila palipoandikwa "Afrika" kwenye rasimu yako. Kila mahali jiulize kama unamaanisha Buganda, Nairobi au Katanga, na uandike hivyo.